Kulilaza Gari la Mjomba Hamza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mwili hunisisimka. Ilikuwa Jumamosi, majani yameshapukutika yote, mawingu yako chini kabisa, na redio imetangaza kwamba theluji ya kwanza ya mwaka ingeanguka kabla ya kesho yake. Tulikuwa Columbia Heights, hapa hapa Marekani, kwenye gereji iliyo nyuma ya nyumba ya mjomba wangu Hamza. Ndani ya gereji kulikuwa na gari dogo jekundu la michezo. Mlangoni, juu ya kiti cha magurudumu, amefunikwa mablanketi hadi kidevuni, alikaa mwenye gari mwenyewe. Na sisi wazima tulikuwa tumesimama tunajadiliana kama gari lile liuzwe au liwekwe mpaka baridi ipite.

Juzi ulinipigia simu ukaniuliza swali dogo tu: shangazi, baridi inakuja, hili gari langu jipya nilifanyeje, na betri niiache humo humo au niitoe? Najua ulitaka nikujibu upesi ukate simu, maana ninyi siku hizi hamna subira hata ya kungoja chai ipoe. Kukujibu nitakujibu, na jibu litakuwa kamili. Ila siwezi kuitaja betri ya gari nisimtaje mjomba Hamza, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Mjomba Hamza alikuwa ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Alikuja Marekani kusoma, akamaliza, akapata kazi ya uhandisi kwenye kiwanda kimoja kule mji wa Savage, karibu na mto. Alikuwa mtu wa mambo ya kadiri. Koti lake lilikuwa lile lile mwaka nenda mwaka rudi, na chakula chake kilikuwa wali na maharage hata siku ya mshahara. Basi fikiria mshangao wetu, kiangazi kimoja cha miaka ile ya tisini, alipotokea na gari la michezo, paa lake la turubai la kukunja, gia za mkono, na viti viwili. Viwili tu! Watanzania wa hapa walimcheka mpaka wakakaa chini. Kwetu gari ni la kubeba watu. Ukienda Sala ya Idi unapita nyumba hii na ile kuzoa wasio na usafiri. Wakawa wanamwambia, "Hamza, umenunua gari la kukubeba wewe na maringo yako." Yeye anatabasamu tu.

Wala hakuwa na maringo. Alilipenda, basi. Siku za jua baada ya kazi alikunja paa, akamchukua mkewe, anti Zuhura, wakafuata barabara ya kando ya mto Mississippi mpaka Inver Grove Heights, wakarudi nyuso zao zimepigwa upepo, wanacheka kama watoto. Lakini theluji ikikaribia, gari lile halikugusa barabara tena. Wewe umezaliwa hapa, unaijua chumvi inayomwagwa mitaani ili magari yasiteleze, na unajua inavyotafuna chuma. Kwa hiyo kila mwaka mjomba alikuwa na siku yake moja aliyoiita siku ya kulilaza gari. Alijifungia gereji tangu asubuhi, na ole wako umguse. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nakaa chumba cha chini ya nyumba yao, naenda chuo kwa basi. Nilikuwa namsikia tu akigongagonga na kuimba kwa sauti mbaya.

Kiangazi kimoja kikiwa ukingoni, mjomba akapatwa na kiharusi. Alikuwa mezani anakula. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukalala, na maneno yakakatika. Alikaa hospitali, kisha kituo cha mazoezi, kisha wakaturudishia nyumbani. Daktari alitueleza vizuri sana: huyu anaelewa kila kitu, akili yake ni ile ile, ila maneno hayapati njia ya kutoka. Lilibaki neno moja tu. "Haya." Ukimpa maji, haya. Ukimsalimia, haya. Akiumia, haya.

Tulimsikia daktari, mwanangu, lakini kusikia si kusadiki. Watu walikuja kumwona kwa wingi, na mapenzi yao yalikuwa ya kweli, lakini walimpigia kelele utadhani ni kiziwi, au walikaa kando yake wakamzungumza kama hayupo. "Alikuwa mtu mzuri sana," wanasema, naye yuko pale, anawatazama. Nilimwona mara moja akifumba macho mtu anaposema hivyo, nami nikadhani ana usingizi.

Sasa rudi nami gereji. Tulikuwa wanne: mjomba kwenye kiti chake, anti Zuhura, mimi, na Otieno. Otieno alikuwa Mkenya, muuguzi wa nyumba ya wazee, kijana mwenye mikono ya huruma. Akitoka zamu yake alipitia kwetu kutusaidia kumwogesha mjomba, wala hakuna aliyemwomba. Siku hiyo alikuwa amekuja na habari.

"Auntie, tuseme ukweli," alisema, anazunguka lile gari. "Hii gari mu-sell tu. Kuna jamaa wa kazini anaitaka, nikimpigia simu anakuja leo. Mzee hata-drive tena. Na mkiiacha hapa, battery ita-freeze, i-crack, acid imwagike yote. Si itakuwa hasara?"

Hakuna uovu alioukusudia. Alisema kile ambacho nusu ya jamaa zetu walikuwa wakikisema jikoni kwa kunong'ona. Nilijua kwamba usiku anti Zuhura hakuwa analala, kwamba kila aliyepita mlangoni alikuwa na ushauri wake, na kwamba kulitoa gari lile kungekuwa ni kukubali kwa midomo yake mwenyewe kuwa mume aliyekuwa naye kabla ya kiharusi harudi tena. Nilimwangalia nikitegemea atalia. Hakulia. Alimgeukia Otieno, akasema kwa sauti ya chini, ile ya Kitanga isiyo na haraka:

"Otieno, mwanangu, mbona waniuliza mimi? Mwenye gari huyo hapo mbele yako. Muulize yeye."

Otieno aliona haya, uso ukamwiva. Lakini alikuwa muungwana. Akaenda akachuchumaa mbele ya kile kiti, macho yake sawa na macho ya mjomba.

"Mzee, pole. Nisamehe. Unataka tuiuze?"

Mjomba alimtazama. Kisha mkono wake wa kushoto ukachomoza kwenye mablanketi, ukanyooka, ukapita sikio la Otieno, ukaonyesha rafu ya vifaa ukutani. Spana.

"Haya!" akasema. Na ile haikuwa haya ya kuomba maji. Ilikuwa sauti ya msimamizi anayeona vijana wake wamezembea, na kazi iko pale pale.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimeona mengi, lakini saa zile zilizofuata bado zinanishangaza. Mtu asiyeweza kutamka jina la mkewe alitufundisha kazi ya siku nzima, kwa kidole, kwa macho na kwa neno moja. Alituanzisha kwa kuliosha na kulikausha, maana uchafu na unyevu ukilala na gari huamka nalo ukiwa kutu. Akatuonyesha dumu, tukaliwasha gari kidogo, tukalizima, tukamwaga oili ya kiangazi ikiwa bado na joto, tukatia mpya, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na si vizuri injini ikae nayo miezi yote. Akaonyesha kidumu cha mafuta na kichupa cha dawa ya kuzuia petroli isiharibike. Tukajaza tanki mpaka juu ili pasibaki nafasi ya maji kujikusanya, kisha Otieno akaliwasha gari tena, mlango wa gereji uko wazi, ili dawa ifike kwenye injini. Tairi tukazijaza upepo kupita kawaida. Breki ya mkono nilipoivuta, alipiga kiti chake kofi. Nikaiachia, yeye akaonyesha vipande vya mbao, tukaviweka mbele na nyuma ya magurudumu. Breki ikivutwa miezi mitatu minne hugandamana, lakini hilo nilikuja kulielewa baadaye. Kwenye bomba la moshi tulisokomeza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ili panya asifanye nyumba yake humo. Kila tulipopatia, haya ya taratibu. Kila tulipokosea, nadhani mtaa mzima ulisikia.

Tukafika kwenye betri, mjomba tumemsogeza na kiti chake hadi kando yetu. Boneti iko wazi, spana iko mkononi mwangu, nami kwa ujanja wa ujana nikaona hii naiweza peke yangu. Nikaenda moja kwa moja kwenye waya mwekundu. Mjomba akapiga kelele, mwili wote ukatikisika mpaka blanketi likaanguka. Nikaganda. Alinipokonya ile spana kwa mkono wa kushoto, akaigusisha kwenye chuma cha kiti chake, halafu akavifumbua vidole vyake ghafla mbele ya uso wangu. Cheche! Alitaka nijue kwamba waya mweusi, ule hasi, ukiwa bado umefungwa, basi mwili wote wa gari ni sehemu ya betri. Spana ikiwa kwenye ule mwekundu ikagusa bodi, unawaka moto. Mweusi kwanza, mwekundu baadaye. Wakati wa kurudisha ni kinyume chake. Akanirudishia spana, akanishika kifundo cha mkono, akanielekeza kwenye ule mweusi pole pole. Na aliponiachia alikuwa anacheka. Upande mmoja tu wa uso, lakini alikuwa anacheka, na anti Zuhura alipomwona ikabidi atoke nje akasimame uani peke yake.

Nilidhani tutaiweka betri pale pale gereji. Mjomba akakataa. Alionyesha chini, chini, akasisitiza. Miaka yote aliiweka chumba cha chini ya nyumba, juu ya ubao, mbali na tanuru la kupashia nyumba joto. Otieno akaibeba akaishusha. Tulipodhani tumemaliza, mjomba akajinyooshea kidole kifuani, kisha akaonyesha chini tena. Na yeye anataka kwenda. Anti akasema, "Bwana Hamza, ngazi zile utaziweza wapi?" Akajibiwa haya yenye ukali. Otieno akageuka akainama, akampokea mgongoni, wakashuka hivyo. Mjomba akaitazama betri ilivyokaa, akausogeza ubao kidogo tu, akaridhika. Theluji ilianza tulipokuwa tunampandisha.

Hiyo baridi ya mwaka ule usiniulize. Ukitoka nje kope zinashikana. Maziwa yaliganda hata watu wakawa wanaendesha malori juu yake na kujenga vibanda katikati, wanavua samaki kwenye matundu. Mimi mtoto wa Korogwe nilikwenda kusimama juu ya ziwa, nikahofu, nikasema subhanallah, maji yale yale nimesimama juu yake. Nikarudi nyumbani nikaitazama betri iliyokaa kando ya kitanda changu, nikakumbuka maneno ya Otieno kwamba ingeganda na kupasuka. Ni kweli ingepasuka, lau ingekuwa tupu. Betri iliyoishiwa chaji, maji yake huganda upesi kama maji mengine. Lakini ile iliyojaa chaji, hata ukiiacha nje kwenye baridi ile ya kupasua miti, haigandi. Chombo ni kile kile na maji ni yale yale, tofauti ni kilichomo. Nilipolisoma hilo kitabuni nilikaa nikalifikiria jioni nzima, na sikuwa nafikiria betri peke yake.

Kila baada ya wiki kadhaa betri ilitakiwa kupimwa na kuongezewa chaji kidogo, kwa chaja ya pole pole. Nilisema, mimi nalala hapa hapa, nitaiangalia mwenyewe. Mjomba hakutaka hata kusikia. Siku ya kupima ikifika ni lazima ashuke yeye. Mara za mwanzo Otieno alimbeba. Kisha ikatokea Jumapili moja Otieno yuko zamu, nami niko chini nasoma, nikasikia kitu kinaburuzika kwenye ngazi. Nikatoka mbio. Alikuwa amekaa kwenye kidato cha juu, anajishusha kwa makalio, kidato kimoja, anapumua, kidato kingine, mkono wa kushoto umekamata reli. Anti Zuhura alikuwa nyuma yake, ameuma kanga, mikono ameinyoosha bila kumgusa. Nilitaka kupanda nikamshike, anti akanikataza kwa macho. Alifika chini jasho linamtoka ndani ya Januari. Akakaa mbele ya betri, akaitia kipimo cha kioo chenye mpira wa kubinya, akavuta maji yake kidogo, akatazama kielezo cha ndani kinavyoelea, maana kikielea juu chaji imo. Kilielea vizuri. "Haya," akaniambia, kwa fahari, utadhani ameivuta kutoka baharini.

Tangu siku hiyo hakubebwa tena. Alishuka kwa makalio, baadaye akashuka akiwa amesimama, mguu mzima unatangulia na ule mwingine unafuata. Mwalimu wake wa mazoezi alituuliza nyumbani tunamfanyisha nini, maana pale kituoni mzee alikuwa mvivu kupindukia. Anti Zuhura akajibu, "Anakwenda kuiona betri yake." Sijui yule mama wa watu alielewa nini.

Gari lenyewe nilitamani tuliwashe mara moja moja katikati ya baridi. Kwetu gari lisipowashwa wiki mbili tunasema limekufa. Mjomba akatikisa kichwa kila nilipoligusia, na alikuwa sahihi: ukiliwasha dakika chache halipati moto wa kutosha, unaacha unyevu tu ndani ya injini na bomba, na ndani ya gereji iliyofungwa moshi wake huua mtu bila kelele. Lililolazwa vizuri liache lilale.

Kisha mvua za masika zikaja zikaosha chumvi yote barabarani. Tukaipandisha betri, tukaifunga, mwekundu kwanza, mweusi baadaye. Mjomba alikuwa amesimama na mkongojo wake. Tukazitoa nyuzi za chuma, tukaondoa mbao, na Otieno akazungusha ufunguo. Gari likakohoa mara moja, likawaka. Sauti ile ilijaa gereji, nasi tukashangilia, Otieno anarukaruka, "Imeshika! Mzee, imeshika!"

Tulijua mjomba hawezi kuendesha. Mkono wa kulia ulikuwa bado umelala. Otieno akabaki kwenye usukani akimngojea apande upande wa pili, ampeleke japo mwisho wa mtaa. Mjomba akamwashiria atoke. Akamwonyesha kidole anti Zuhura: wewe. Anti akaapa kwamba gia za mkono hajui, gari lake yeye ni la kujiendea lenyewe, tangu lini kashika gari la Hamza? Haya, akaambiwa. Akaingia, akafunga mkanda. Mjomba akazunguka taratibu, akakaa kiti cha abiria. Halafu akauweka mkono wake wa kushoto juu ya gia.

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Kule nyumbani usukani uko kulia. Abiria hukaa kushoto, na gia huwa upande wa mkono wake wa kulia, ule ambao kwa mjomba ulikuwa umekufa. Nchi hii iliyotuchosha kwa kuwa kila kitu chake ni kinyume na chetu, ilikuwa imeiweka gia pale pale penye mkono wake mzima. Anti alikanyaga klachi, mjomba akaingiza gia. Likazima. Wakaliwasha, likazima tena. Mara ya tatu likatoka, linaruka kama mbuzi, anti anapiga mayowe, mjomba anasema "haya" kila anapotaka akanyage, na kabla ya kona sauti ya injini ikabadilika, pili, tatu, laini kabisa. Wakatupotea.

Tulikaa uani mimi na Otieno tukingoja, roho mkononi. Waliporudi walikuwa wamekunja paa, nyuso zao zimepigwa upepo. Wamefika mtoni. Nilimkimbilia anti nikamwambia, "Anti, umeendesha!"

Akajipangusa macho kwa kanga. "Mimi? Yeye ndiye kaendesha. Mimi nimekanyaga tu."

Basi hilo ndilo jibu lako. Lisafishe gari na ulikaushe. Badilisha oili, jaza tanki na utie dawa ya petroli, jaza tairi, usivute breki ya mkono, ziba bomba, na weka karatasi kwenye usukani ya kukukumbusha kulizibua. Itoe betri, mweusi kwanza, iweke juu ya ubao mahali pakavu penye hewa, na usiache iishiwe, maana tupu ndiyo hupasuka. Usiliwashe ovyo ovyo. Kuhusu gari nimemaliza.

Kuhusu watu ninakuomba zaidi. Usimzungumze mtu mbele yake kana kwamba ameshaondoka. Mnyenyekee, umuulize, na jibu ulingoje hata kama linakuja kwa kidole. Mgonjwa wako mwachie kazi yake moja ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuifanya, hata ikikuudhi, hata ikimtoa jasho. Nenda kamwone baba yako wiki hii. Najua tangu alipougua unampigia mama yako simu kuuliza hali yake. Muulize yeye mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani kwenye barafu na kwenye jua, akujaalie moyo usioishiwa, na siku mkono wako mmoja utakapolala, akukalishe jirani na mtu atakayekukanyagia klachi.